Ukurutu wa Paka: Mtambue Mdudu Kabla ya Kushika Dawa

Mwanza paka hafugwi kwa mapambo. Yumo kwenye maghala ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, yumo kwenye stoo za mpunga na mahindi, yumo kwenye nyumba za Igogo na Mabatini zilizojibana katikati ya mawe ambako panya ni wengi. Anakula mabaki ya sato na dagaa, anafanya kazi yake usiku, anajitafutia pa kulala. Siku akianza kunyonyoka manyoya na kujikuna mpaka damu itoke, mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili: anafukuzwa kwa mawe, au mwenye paka anakwenda duka la dawa za mifugo na kuomba "dawa ya ukurutu".

Hilo la pili lina nia njema, na ndilo linaloua paka wengi. Kanda ya Ziwa ni nchi ya ng'ombe. Dawa nyingi zilizoko kwenye rafu za maduka hayo zimetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na mbwa, na baadhi yake humuua paka ndani ya saa chache. Hata ile isiyomuua inaweza isimsaidie kitu, kwa sababu ngozi inayowasha inaweza kuwa na utitiri wa aina hii au ile, au viroboto, au fangasi, au hata saratani. Kila kimoja kina tiba yake.

Kwa hiyo mwongozo huu unakuomba jambo moja: usipake, usidunge wala usinyunyize chochote kabla hujajua unapambana na nani. Kumtambua adui hakuhitaji vifaa vya gharama. Kunahitaji mwanga mzuri, subira, na mtu wa pili wa kukushikia paka.

Kwa nini mahali kidonda kilipo ni muhimu

Utitiri ni jamaa wa kupe na buibui. Ukiwa mzima una miguu minane, tofauti na kiroboto na chawa wenye sita. Aina nyingi zinazomsumbua paka zina urefu wa milimita 0.2 hadi 0.5. Zile kubwa unaweza kuziona kama chembe nyeupe inayosogea, zile ndogo huzioni bila hadubini.

Lakini kila aina ina makazi yake. Mmoja huishi ndani ya tundu la sikio. Mwingine huchimba vijia katika tabaka la juu la ngozi. Mwingine hutembea juu ya ngozi akijificha kwenye mba, na mwingine hujibana ndani ya vishimo vya nywele. Ndiyo maana mahali ugonjwa ulipoanzia ni dalili yenye thamani kuliko ukali wa muwasho. Ukimwambia daktari wa mifugo "paka wangu anawashwa", bado hujamwambia kitu. Ukimwambia "ilianza ukingoni mwa masikio wiki mbili zilizopita, ikashuka usoni, sasa iko kwenye miguu ya mbele", umemrahisishia nusu ya kazi.

KISANDUKU: Soma hapa kabla ya kumgusa paka

- Paka usiyemfahamu, aliyebadilika tabia ghafla, anayeshambulia bila kuchokozwa, anayetokwa mate au anayeshindwa kumeza: usimguse. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata.
- Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo.
- Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu. Baadhi ya utitiri, na fangasi pia, huhamia kwa binadamu.
- Watoto wakae mbali wakati wa ukaguzi.

Ukaguzi wa nyumbani, hatua kwa hatua

Andaa kanga kuukuu au taulo, tochi ya simu, kioo cha kukuza, chanuo lenye meno yaliyobanana, karatasi nyeupe moja, karatasi nyeusi moja (jalada jeusi la daftari linafaa), selotepu ya kuonyesha, njiti za pamba, na mafuta kidogo ya kupaka watoto. Kamera ya simu inatosha mahali pa kioo cha kukuza ikiwa ina uwezo wa kukaribia kitu bila kutia ukungu.

1. Mtazame kwanza bila kumshika, kwa muda wa kutosha. Anatikisa kichwa? Anakuna sikio kwa mguu wa nyuma? Anajilamba tumbo bila kukoma? Au manyoya yamenyonyoka lakini yeye hana habari?
2. Funga mlango na madirisha. Mviringishe paka kwenye kanga, miguu yote minne ndani, kichwa nje. Mwenzako amshike mabegani, siyo shingoni.
3. Anza na ukingo wa nje wa masikio yote mawili. Pitisha kidole taratibu. Ngozi nzima ni laini. Ikiwa inakwaruza kama ina mchanga, tazama kwa kioo.
4. Kunja sikio kwa nyuma, mulika tundu. Angalia rangi ya uchafu uliomo.
5. Pita usoni: paji, kope, mashavu, kisha shingo.
6. Mlegeze kidogo, mchane mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani juu ya karatasi nyeupe.
7. Tazama tumbo, mapaja kwa ndani na kinena.
8. Malizia na miguu, katikati ya vidole na kwenye mashina ya kucha.
9. Piga picha kila sehemu iliyoathirika, moja kwa mbali na moja kwa karibu. Chora umbo la paka kwenye karatasi na uweke alama ya X kila penye tatizo. Mchoro huo wa dakika moja una faida kuliko maelezo marefu.

Paka akikasirika katikati ya kazi, mwachie. Utaendelea jioni. Paka aliyelazimishwa leo hatakamatika kesho.

Utitiri wa tundu la sikio

Huu ndio unaoonekana mara nyingi zaidi, hasa kwa paka wadogo, kwa kuwa mama huwaambukiza wanawe wakiwa bado wananyonya. Jina lake la kisayansi ni Otodectes cynotis. Hauchimbi ngozi. Unaishi juu yake, ndani ya tundu la sikio, ukila mabaki ya ngozi na majimaji, na mwili wa paka huujibu kwa kutoa nta nyingi iliyochanganyika na damu iliyokauka. Matokeo yake ni uchafu mweusi unaovunjikavunjika, mithili ya machicha ya kahawa. Paka hutikisa kichwa na kukuna nyuma ya sikio mpaka ngozi inachubuka. Akitikisa kwa nguvu mno, mshipa mdogo unaweza kupasuka na sikio likavimba, likajaa damu na kuning'inia.

Jinsi ya kuuona kwa macho yako:

1. Tia tone la mafuta ya watoto kwenye njiti ya pamba.
2. Futa uchafu unaoonekana kwa macho tu. Usisukume njiti ndani ya tundu. Utaupeleka uchafu chini zaidi na unaweza kutoboa kiwambo cha sikio.
3. Usambaze uchafu huo kwenye karatasi nyeusi, uweke penye jua la asubuhi.
4. Subiri dakika mbili au tatu, kisha tazama kwa kioo cha kukuza.

Ukitulia, utaona chembe nyeupe, ndogo kuliko nukta ya kalamu, zikijitenga na uchafu na kuanza kutembea, kwa kuwa joto la jua huziamsha. Ukiona chembe zinazotembea, una jibu. Usipoziona, usihitimishe kuwa hazimo, kwani baada ya muda mrefu wa ugonjwa utitiri unaweza kuwa mchache huku uchafu ukiwa mwingi.

Tahadhari nyingine: uchafu wa sikio wenye harufu kali, wa njano au wenye usaha, mara nyingi ni bakteria au hamira, iwe peke yake au juu ya utitiri. Hapo dawa ya utitiri pekee haitatosha.

Mwaka 1993 daktari mmoja wa mifugo wa jimbo la New York nchini Marekani, Robert Lopez, alichapisha katika jarida la madaktari wa mifugo wa nchi hiyo taarifa ya jaribio alilolifanya kwenye mwili wake: alichukua utitiri kutoka sikio la paka akautia katika sikio lake mwenyewe, akafanya hivyo mara tatu. Aliusikia ukitembea na kukuna, na muwasho ulimnyima usingizi. Simwombi msomaji arudie. Ninaitaja habari hii kwa sababu mtu akimwona paka anayejigonga kichwa ukutani, ajue kwamba mnyama huyo yuko kwenye mateso ya kweli na hana ukorofi.

Ukurutu wenyewe: utitiri unaochimba

Notoedres cati ndio unaostahili kuitwa ukurutu wa paka. Unachimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Ni mdogo na wa mviringo, hauonekani kwa macho, na hapo ndipo watu hukosea: wanatafuta mdudu, hawamwoni, wanadhani ni "damu chafu" au alimwagiwa maji ya moto.

Uzuri ni kwamba njia yake inafahamika. Huanzia ukingoni mwa sikio, kwenye ule ukingo wa ndani unaoelekea upande wa paji. Mwanzoni utaona vichunusi na manyoya machache yaliyodondoka. Baada ya siku kadhaa ngozi inakuwa nene, inakunjamana, inafunikwa na kigaga cha rangi ya kijivu iliyochanganyika na njano, kilichoshikamana kiasi kwamba ukikigusa hakibanduki. Kutoka hapo kinashuka kwenye paji, kope na shingo, na paka anaanza kuonekana mzee kuliko umri wake. Kisha kinarukia miguu ya mbele na sehemu ya chini ya mkia. Mruko huo una sababu yake: paka hujisafisha uso kwa kutumia miguu ya mbele, na hulala amejikunja uso ukigusa mkia. Yeye mwenyewe anausambaza.

Muwasho wake ni mkali kuliko wa aina nyingine zote. Paka hujikuna mpaka vidonda vinatunga usaha, anaacha kula, anakonda, na asipotibiwa anaweza kufa. Unaambukiza haraka kwa kugusana, hivyo pale paka wanapolala pamoja ghalani, mmoja akiupata, kagua wote.

Orodha ya kujipima. Ukijibu "ndiyo" kwa mambo matatu au zaidi, mchukulie paka kuwa ana ukurutu mpaka daktari atakapokanusha:

☐ Kigaga kilianzia ukingoni mwa sikio
☐ Vigaga ni vinene, vya kijivu au njano, na vimeshikamana
☐ Kinaenea usoni kisha kwenye miguu ya mbele
☐ Anajikuna mchana na usiku
☐ Paka mwingine wa karibu ana dalili hizohizo
☐ Mtu anayempakata amepata vipele mikononi au tumboni

Uthibitisho wa mwisho unapatikana kwa kukwangua ngozi. Daktari hutia tone la mafuta, anakwangua kwa wembe butu mpaka damu kidogo ijitokeze, kisha anaweka alichokipata chini ya hadubini. Kwa ukurutu wa paka kazi hii kwa kawaida huzaa matunda, maana utitiri huwa mwingi kwenye vigaga. Usijaribu kukwangua mwenyewe.

Mba inayotembea, na wengine

Paka mwenye mba nyingi mgongoni anaweza kuwa na Cheyletiella. Utitiri huu ni mkubwa kiasi, karibu nusu milimita, na hutembea juu ya ngozi. Bandika selotepu mgongoni palipo na mba, ibandue, ibandike kwenye karatasi nyeusi na uitazame kwa kioo. Au tandaza mba ulizozichana kwenye karatasi nyeusi: ukiona kijipande cha mba kinahama chenyewe bila upepo, umeukuta. Muwasho unaweza kuwa mdogo kwa paka, huku binadamu anayelala naye akiwa na vipele.

Demodex ni habari nyingine, na hii haitambuliki nyumbani. Zipo aina mbili zinazofahamika zaidi. Demodex cati ni mrefu na mwembamba, hujificha kwenye vishimo vya nywele, na mara nyingi hujitokeza pale kinga ya paka inaposhuka kwa sababu ya maradhi mengine, kwa hiyo daktari atatafuta pia ugonjwa uliojificha. Demodex gatoi ni mfupi, hukaa juu ya ngozi, huambukiza, na humfanya paka ajilambe tumbo na ubavu mpaka panabaki uchi.

Sarcoptes, ule unaoleta upele kwa mbwa na binadamu, ni nadra kwa paka wa nyumbani. Jamaa wakubwa wa paka hawana bahati hiyo: upande wa Kenya wa nyika ya Serengeti, katika Masai Mara, watafiti wameukuta kwa duma na simba, na pia kwa wanyama wanaowindwa nao.

Wanaofanana na utitiri wa paka lakini sio

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na kwa mazingira yetu ya pwani ya Ziwa ningeanza na kuku.

*Viroboto wa kuku.* Paka anayelala karibu na banda la kuku hupata viroboto wadogo weusi wanaong'ang'ania ngozi, jina lao la kisayansi ni Echidnophaga gallinacea. Hawaruki ovyo kama viroboto wa kawaida. Jike huchomeka mdomo kwenye ngozi na kubaki hapohapo kwa siku nyingi. Wanapenda ukingo wa sikio na kuzunguka macho, yaani palepale ukurutu unapoanzia. Kwa mbali utaona utando mweusi wa kigaga. Kwa kioo cha kukuza kigaga hicho kinagawanyika na kuwa vidoa vya hudhurungi vinavyong'aa, vimepangana ubavu kwa ubavu, vichwa chini. Ukikuta hivyo, kagua pia macho, vilemba na ndevu za kuku wako. Tiba ya paka bila kusafisha banda ni kazi bure.

*Viroboto wa kawaida.* Chana mgongo, chukua vitu vyeusi vilivyodondoka, viweke kwenye pamba nyeupe iliyoloa maji. Vikitoa rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, damu iliyokwisha kumeng'enywa.

*Fangasi, yaani choa.* Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, nywele zilizokatika kama zimenyolewa, magamba makavu. Muwasho kwa kawaida ni mdogo. Paka mdogo ndiye mhanga mkubwa. Ikiwa watoto wa nyumba wana mapunye, mwambie daktari.

*Jua.* Mwanza iko karibu sana na ikweta, na paka mweupe hana kinga kwenye ncha za masikio na pua. Kidonda kwenye ncha ya sikio jeupe, kinachotoka damu, kinachokauka na kurudi kwa miezi bila kupona, kinaweza kuwa saratani ya ngozi. Huyu anahitaji upasuaji mapema. Kumpaka dawa ya ukurutu ni kumpotezea muda wa kuokolewa.

*Utitiri wa kuku.* Hutoka bandani usiku, hunyonya damu na kurudi kwenye nyufa. Unaweza kumuuma paka na wewe pia. Mdudu mwekundu aliyeshiba damu, anayeonekana usiku lakini haonekani mchana, anatoka bandani. Shughulikia banda.

Kupeleka sampuli

Ukishafanya ukaguzi na bado una shaka, nenda maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wengi wanaujua kama TVLA, una kituo cha Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Anza na afisa mifugo wa kata yako au daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Yeye ndiye anayejua kuchukua sampuli ya ngozi na kuiandikia maelezo. Ukiwa visiwani, Ukerewe au kwingine, piga simu kabla ya kupanda kivuko, maana kumsafirisha paka mgonjwa ni taabu na huenda picha na sampuli vikatosha kwa kuanzia.

- Vigaga na uchafu wa sikio: weka kwenye kichupa safi kilichokauka, funga vizuri, zungushia selotepu.
- Nywele zinazoshukiwa kuwa na fangasi: weka kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya plastiki hupata unyevu na kuota ukungu mwingine unaopotosha majibu.
- Mdudu uliyemkamata: mbandike kwenye selotepu inayoonyesha, au mtie kwenye spiriti.
- Andika tarehe, umri wa paka, sehemu ya mwili ilikotoka sampuli, na kila dawa uliyokwisha kutumia.

Usimwogeshe paka siku chache kabla ya kuchukua sampuli.

Dawa za kuepuka, na sababu zake

Ini la paka halina uwezo wa kuvunja sumu nyingi ambazo ini la mbwa, ng'ombe au binadamu huzivunja. Isitoshe, paka hujilamba: chochote unachompaka, atakila.

*Permethrin na jamii yake.* Zimo kwenye dawa nyingi za kuogesha mifugo, za kunyunyizia mbwa na za kuua wadudu majumbani. Paka huanza kutetemeka, misuli inarukaruka, anapata degedege, anakufa.

*Amitraz.* Dawa ya kupe wa ng'ombe. Paka analegea, joto la mwili linashuka, mapigo ya moyo yanapungua.

*BBE*, ile dawa nyeupe ya upele wa binadamu. Ni sumu kwa paka.

*Mafuta ya taa na oili chafu ya gari.* Huunguza ngozi, na akijilamba huharibu mapafu na tumbo.

*Panadol.* Wapo wanaompa ili kupunguza maumivu. Hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua paka.

Ivermectin inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ni dawa halali ambayo madaktari huitumia kwa paka, na kwa hiyo watu huiamini. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Daktari akiamua kuitumia, kiwango cha kawaida ni miligramu 0.2 hadi 0.3 kwa kila kilo ya uzito. Paka wa kilo 3 anahitaji miligramu 0.6 hadi 0.9, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita. Sasa chukua bomba la sindano la mililita 5: mstari wake wa kwanza kabisa ni mililita 0.2. Ukijaza mpaka hapo tu umeshampa zaidi ya mara mbili ya dozi, na kwa paka mdogo wa nusu kilo umempa mara 13 au zaidi. Mwenye duka anayekupimia "kidogo tu" kwa macho hawezi kukwepa hesabu hii. Zipo dawa salama zaidi za kudondoshea ngozi ya shingo, zenye selamectin au moxidectin iliyotengenezwa mahususi kwa paka. Mwulize daktari kama anaweza kukupatia.

KISANDUKU: Paka ameshapakwa dawa isiyo yake

1. Mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo. Yasiwe moto, yasiwe baridi.
2. Mkaushe, mfunike apate joto, mzuie asijilambe.
3. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta.
4. Mpeleke kwa daktari na chupa ya dawa mkononi.

Na watu wa nyumbani je?

Utitiri wa paka, kama Notoedres na Cheyletiella, unaweza kumwasha binadamu mikononi, kifuani na tumboni, pale anapompakata. Lakini hauzaliani kwenye ngozi yetu. Paka akipona na matandiko yakifuliwa, vipele huisha vyenyewe ndani ya wiki chache.

Ikiwa muwasho uko katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na sehemu za siri, unazidi usiku na umeenea kwa familia nzima, huo huenda ni upele wa binadamu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Nenda zahanati, mtibiwe wote kwa pamoja, na msimwadhibu paka kwa kosa lisilo lake.

Baada ya kuanza tiba

Utitiri wa sikio huchukua takriban wiki tatu kutoka yai hadi mzima, na dawa nyingi haziui mayai. Ndiyo maana daktari atakupangia kurudia dozi hata kama paka anaonekana amepona. Kuacha katikati ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine.

☐ Paka na mbwa wote wanaogusana watibiwe siku moja, wenye dalili na wasio nazo
☐ Magunia, maboksi na matambara anayolalia yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au yachomwe
☐ Chanuo moja lisitumike kwa paka wawili
☐ Tarehe za dozi ziandikwe ukutani au kwenye simu
☐ Ukaguzi wa masikio na uso urudiwe kila wiki, na picha zipigwe kwa pembe ileile

Kwa ukurutu unaochimba, muwasho hupungua kwanza, kisha vigaga hulegea na kudondoka vyenyewe. Usivibandue kwa kucha. Manyoya hurudi mwishoni. Ikiwa wiki ya nne vigaga viko palepale, usiongeze dozi. Rudi kwa daktari, akwangue ngozi upya, na umweleze waziwazi kila kitu ulichompaka paka, hata kile unachoona haya kukitaja.